Tingatinga hakushiba rangi



Nawajibu waendesha semina wanaowahimiza vijana waache ajira wafuate wanachokipenda. Sina ugomvi na kupenda. Mimi ni mchoraji, na brashi ndiyo inayosomesha wanangu. Ila wao hulitaja jina la mchoraji Edward Saidi Tingatinga kana kwamba mapenzi ya kuchora pekee ndiyo yaliyomlisha.

Tingatinga alianza uchoraji mwaka 1968 jijini Dar es Salaam. Hakuhangaika na turubai. Alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, vitu vilivyopatikana madukani. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. Ndogo, nyepesi, zinaingia kwenye begi la safari. Huyo alimjua mteja wake!

Kazi hii naipenda hadi leo, lakini kuna wiki nzima nachora twiga walewale, tumbo hadi shingo, doa kwa doa, kwa kuwa ndio walioagizwa. Masika rangi hukawia kukauka, na mteja ana ndege ya kuwahi. Halafu yupo wa kukwambia "nipunguzie, si unachora tu?"

Waendesha semina, tafadhali: kabla kijana hajaandika barua ya kuacha kazi, mfundisheni kwanza kupiga hesabu ya bodi, rangi na muda wake.

Mchoraji,
Dar es Salaam