Wanaogoma Kwa Sababu ya Glavu

Madaktari wakigoma, hukosi kumsikia mtu kwenye matatu akisema, "Hawa nao ni pesa tu." Desemba 2020 maneno hayo yalikuwa kila mahali. Wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo tarehe 7, madaktari wakafuata tarehe 21, na korona bado inaua. Watu wakawaita katili.

Lakini hebu tazama walichokuwa wanadai: vifaa vya kujikinga, bima ya afya, fidia kwa familia za wenzao waliofariki kazini. Mapema mwezi huo huo alikuwa amefariki daktari wa miaka 28 aliyehudumia wagonjwa wa korona Machakos. Alikuwa wa kandarasi. Iliripotiwa kwamba hakuwa na bima, na kwamba alikuwa amefanya kazi miezi mitano bila mshahara. Miaka 28, jamani. Wengine wetu tumebakisha sita tu kufika hapo.

Na muuguzi asiye na glavu haumii peke yake. Anatoka kitanda hiki kwenda kile, jioni anapanda matatu ile ile yako. Chama chake kikipigania glavu, kinakupigania wewe pia, hata kama unakitukana.

Sisi wa elimu tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya wodini. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021, walimu waliambiwa watenganishe wanafunzi katika madarasa ambayo yalikuwa yamejaa hata kabla ya korona. Wengi wetu tutaanza kazi kama walimu wanagenzi, yaani kandarasi tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Je, uliwahi kuiona kamati hiyo shuleni ulikofanyia mazoezi ya kufundisha? Mimi sijasikia hata ikitajwa.

Vyama vya walimu navyo vina lawama yao. Nyongeza ya mshahara hutangazwa kwa mbwembwe, afya inaachiwa dakika za mwisho.

Kwa hivyo kabla ya kundi lijalo kwenda mazoezini, muungano wetu uwaalike KNUT na KUPPET hapa chuoni. Swali la kwanza liwe hili: mwanagenzi akiambukizwa ugonjwa darasani, bili ya hospitali analipa nani?