Acheni Kubahatisha, Lipeni Fundi Aangalie Kwanza

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi mafundi, halafu kiwaudhi wenye magari hata zaidi. Hii tabia yetu ya kukataa kulipia uchunguzi wa gari ndiyo inatumaliza. Tuko tayari kununua spea ya elfu kumi ambayo hatuhitaji, lakini mtu akiitisha mia tano ya kuangalia tu, tunamwita mwizi.

Najua kwa sababu buda yangu alifanya hivyo hivyo.

Gari yake ni ya 1998. Imenizidi miaka, msicheke. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, lakini ikishaingia hapa inazeeka na sisi. Na hiyo gari ndiyo inabeba mboga za mathe kutoka Marikiti saa kumi alfajiri hadi kibandani Kayole. Ikilala, kibanda kinalala, na karo ya ndugu yangu mdogo inalala pia.

Mwaka jana ikaanza kupiga ko-ko-ko ikiwa imesimama na injini inanguruma. Ukikanyaga mafuta, sauti inapungua. Taa ya betri nayo ikawa inawaka na kuzima.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiza kama dakika moja, akatikisa kichwa kama mtu anatangaza kifo. "Mzee, injini imenoki. Tafuta ingine." Elfu sitini. Buda akaanza kuongea na watu wa chama kuhusu mkopo.

Fundi wa pili akasema ni fanbelti. Akabadilisha belti na beringi za alteneta, akalipwa 4,500. Sauti ikabaki palepale.

Wa tatu alikuwa dada mmoja Kariobangi, tulielekezwa kwake na jirani. Kabla hajashika spana akasema, "Mzee, ya kuangalia ni mia tano. Kazi yenyewe tutaongea baadaye." Buda akawaka. "Kuangalia tu? Mia tano?" Tukageuza gari tukaenda. Siku mbili baadaye tukarudi vichwa chini, maana hatukuwa na pengine pa kwenda.

Sasa tazama hiyo mia tano ilinunua nini.

Kwanza aliuliza maswali. Sauti ilianza lini? Inazidi injini ikiwa baridi ama moto? Ukiongeza mafuta inaenda wapi? Tulipomwambia inapungua, akasema injini iliyonoki kweli mara nyingi hufanya kinyume, unavyoiongezea kazi ndivyo inavyogonga zaidi. Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali moja.

Halafu akawasha injini, akakunja mikono ya ovaroli, akasimama kando akamulika tochi kwenye puli kubwa ya chini, ile inayofungwa kwenye ncha ya krenki na kuzungusha belti. Akaniita nione. Puli ilikuwa inayumba kama gurudumu la baiskeli iliyogongwa. Pembeni kulikuwa na vumbi jeusi la raba, na kava ya plastiki ilikuwa imekwaruzwa. (Ukijaribu hii kwenu, usipeleke mkono, shali wala nywele karibu na belti inayozunguka. Angalia kwa macho.)

Akazima, akatoa ufunguo, akatoa belti, akashika puli kwa mikono miwili na kuitikisa. Puli nzima haifai kucheza hata kidogo. Yetu ilicheza. Bolti ya katikati ilikuwa imelegea.

Hapo ndipo wengi wangekaza bolti na kukuambia "iko sawa, twende." Yeye aliitoa yote. Akatuonyesha kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati ya krenki na puli ili puli isiteleze. Kilikuwa kimelika upande mmoja. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa krenki wenyewe, akashusha pumzi. Ulikuwa mzima. Ungekuwa umelika, tungekuwa tunaongea habari ya mashine ya leithi na pesa nyingi.

Mwisho akageuza puli yenyewe. Puli nyingi za aina hii ni vyuma viwili, cha ndani na cha nje, na katikati kuna raba inayomeza mtetemo wa injini. Raba ikizeeka inapasuka, na chuma cha nje kinaanza kuteleza peke yake. Kupima ni rahisi. Chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka chuma cha ndani hadi cha nje, tembeza gari, halafu zima uangalie. Mstari ukikatika, puli imekufa. Na alama ya taimingi huwa imechongwa kwenye chuma cha nje, kwa hivyo mtu akikupimia taimingi kwa taa na hiyo puli, anapima uongo. Yetu haikuhitaji hata mstari, raba ilikuwa inabanduka kwa kucha.

Tulienda Kirinyaga Road tukapata puli iliyotumika lakini nzima, 2,500. Kii, 200. Kazi, 1,500. Pamoja na ile mia tano, 4,700. Alifunga bolti na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha injini yenyewe. Sauti ikaisha hapo hapo.

Hesabu mwenyewe. Kubahatisha kulitutoa 4,500 na hakukutengeneza chochote. Kutengeneza kulitutoa 4,700. Na karibu tuingie deni la elfu sitini kununua injini ya kuweka mahali pa injini nzima. Kibanda cha mathe kilifungwa siku tisa.

Kuna msee atasema, "Si mngeichomelea tu puli kwa krenki? Inashika milele." Ndiyo shida yenyewe. Ikishashika milele, siku oili sili ya mbele ikivuja ama taimingi belti ikifika muda wake, utaifungua na nini? Na ule moto wa kuchomelea unapika hiyo hiyo sili. Wengine watasema endesha tu, ni kelele. Kwa injini nyingi, bolti hiyo moja ndiyo inabana pia gia ya taimingi nyuma ya puli. Iache icheze na siku moja taimingi inaruka. Kwa injini zingine valvu zinagonga pistoni, na hapo sasa utanunua injini kwa haki.

Lakini staki kuwamalizia mafundi peke yao. Jiulize kwa nini wanabahatisha. Tumewafundisha. Kwa daktari unalipa kumuona kabla hajakupa hata tembe moja, na huwezi kumwambia "kuniangalia tu, si utumie macho yako ya bure?" Fundi anayetumia nusu saa kufikiri humlipi. Anayetoa spea nzima na kuweka ingine dakika kumi, unamlipa na unamshukuru. Kama kichwa chake hakina bei, atakuuzia nini kama si spea?

Na usiniambie hauna mia tano. Buda pia hakuwa nayo, alisema hivyo. Alikuwa na 4,500 ya kubahatisha.

Kwa hivyo ukisikia "injini imenoki," uliza: umejuaje? Mwambie akuonyeshe kwa mkono wake kitu kinachocheza, kilicholika ama kilichopasuka. Akikuonyesha, lipa bila kunung'unika, hata kama shida imegeuka kuwa bolti moja. Akishindwa kukuonyesha, funga boneti.

Buda siku hizi akifika kwa yule dada anatoa mia tano kwanza, kabla ya salamu. Mathe naye anasema angemuuliza mapema, yeye hanunui gunia la viazi bila kulifungua.