WAYA USIOTUMIKA UFUNGULIWE KWENYE CHANZO

Umeme ulipoanza kuwaka Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya utawala wa Wajerumani, mwananchi wa kawaida aliutazama kwa mbali. Leo nguzo zimefika hata vijijini, hasa tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007. Ni jambo la kujivunia. Lakini kila neema ina wajibu wake, na leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu wajibu mmoja unaosahauliwa mno.

Katika nyumba za kupanga, ambamo wafanyakazi wengi wanaishi, vyumba hugawanywa, soketi huhamishwa, taa ya uani huondolewa. Waya uliobaki hufungwa tepu na kusukumwa juu ya dari. Mwenye nyumba husema, "Huo umekufa." Haukufa. Kama ncha yake ya pili bado imeshikwa penye swichi kubwa, una volti 230 zile zile, usiku na mchana. Joto la bati huikausha tepu, panya hutafuna mpira, mvua huvuja. Na siku moja mtu anayetundika chandarua hugusa shaba tupu.

Watu wetu wana msemo kwamba ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo. Kinga yake ni kuufungua waya pale unapoanzia, wala si kuufunika pale unapoishia.

Kwanza, swichi kubwa izimwe, na mtu asimame hapo asije mwingine akaiwasha. LUKU kuisha si kuzima, maana mwenzako aweza kuongeza umeme wakati mkono wako umeshika waya. Penye jenereta au umeme wa jua, navyo vizimwe. Pili, waya upimwe, na kipimo chenyewe kijaribiwe kabla na baada mahali panapojulikana kuwa pana umeme, kwani kipimo kibovu husema uongo. Rangi zisiaminiwe: nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na buluu, na nyingine zimechanganya zote. Tatu, nyaya zifunguliwe kwenye chanzo na kung'olewa. Zisizong'oleka, kila ncha ifungwe kwa koneta ndani ya boksi lenye kifuniko, na boksi liandikwe alama.

Kazi hiyo si ya kila mwenye bisibisi. Hata swichi kubwa ikizimwa, waya unaotoka kwenye mita kuingia humo bado una umeme. Aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA. Na mita pamoja na waya utokao nguzoni viachiwe TANESCO.

Tunajua fundi hulipwa. Lakini mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi, kisha akamnyima mpangaji usalama, anaweka akiba kwa maisha ya mwingine. Huo si utu. Mpangaji naye asinyamaze: auonapo waya unaoning'inia, aulize unaanzia wapi. Mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili katika mikutano yao, na wenye nyumba waitwe wasikie.

Mfanyakazi akirudi jioni anastahili kupumzika chini ya dari isiyoficha kifo. Waya usio na kazi na ufunguliwe kabla haujajitafutia kazi.