Mcheza kwao hutuzwa: Tujifunze nini kutokana na magwiji wa muziki wa kantri?

MNAMO Novemba 28, 2025, kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, ambacho hupeperushwa kutoka jijini Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kilitimiza miaka 100 tangu kiende hewani kwa mara ya kwanza kupitia kituo cha WSM.

Ni nadra mno kipindi cha redio kujaliwa umri wa namna hiyo. Katika jukwaa hilo ndipo walipopitia wengi wa waimbaji ambao majina yao yanafahamika vyema hata humu nchini: Hank Williams, Jim Reeves, Skeeter Davis na Dolly Parton.

Kwa Mkenya aliyelelewa na redio, majina haya si ya kigeni. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, muziki wa kantri umekuwa na wapenzi wake mijini na mashambani, na kuna nyumba ambako Krismasi haijawa Krismasi hadi sauti nzito ya Jim Reeves isikike. Isitoshe, wapo Wakenya wanaouimba kama kazi ya kila siku, akiwemo Elvis Otieno, maarufu kwa jina la Sir Elvis.

Sababu za mapenzi hayo si vigumu kuzitambua. Mwimbaji wa kantri hutamka maneno yake kwa ufasaha, husimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, na huimba kuhusu shamba, kanisa, mama mzazi, reli na safari ya kurejea nyumbani. Don Williams, aliyefariki Septemba 2017, alipozuru Zimbabwe mwaka wa 1997, alipokewa na umati wa Waafrika waliozijua nyimbo zake.

Hata hivyo, swali linalostahili kuulizwa ni zito kuliko mapenzi. Je, ni kwa nini mafanikio ya waimbaji hawa yamedumu, ilhali wanamuziki wetu wengi husahaulika hata kabla ya matanga kuanuliwa?

Wengi watajibu kwamba ni kipaji. Jibu hilo halitoshi, kwa maana kipaji hakijawahi kuwa haba katika nchi hii. Ukichunguza kwa makini, utabaini kuwa yapo mambo mawili yaliyowajenga magwiji wa Nashville: umiliki wa kazi na taasisi za kuhifadhi kumbukumbu.

Kuhusu umiliki, hakuna mfano bora kuliko Dolly Parton. Mwanamke huyu alizaliwa Januari 1946 katika familia maskini ya watoto 12 kwenye milima ya Tennessee. Mwaka wa 1974 alitoa kibao I Will Always Love You, alichokitunga kumuaga Porter Wagoner, mwanamuziki aliyemwinua na ambaye sasa alikuwa akiachana naye kikazi.

Kibao hicho kilipofika kileleni mwa chati za kantri, Elvis Presley alitaka kukiimba. Meneja wake, Kanali Tom Parker, alishikilia kwamba sharti apewe nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo huo. Parton alikataa, ingawa kuimbiwa na Presley ilikuwa ndoto ya kila mtunzi wa siku hizo.

Subira ilivuta heri. Wimbo huo ulirejea kileleni mwa chati za kantri mwaka wa 1982, na mwaka wa 1992 Whitney Houston akauimba katika filamu ya The Bodyguard, ukakaa wiki 14 katika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mirabaha ya mtunzi ilimwendea mwenyewe bila kugawana na meneja wa mtu.

Kutokana na mali ya aina hiyo, Parton ameweza kufanya mambo yanayopita muziki. Mwaka wa 1995 alianzisha mpango wa kuwatumia watoto wadogo vitabu bila malipo, akimkumbuka babake ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Kufikia sasa vitabu zaidi ya milioni 200 vimegawanywa. Aidha, mwaka wa 2020 alichanga dola milioni moja kwa utafiti wa virusi vya corona katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia utafiti wa chanjo ya Moderna.

Linganisha hayo na historia yetu. Wimbo Helule Helule wa Daudi Kabaka uliimbwa na bendi ya Tremeloes na kuingia katika chati za Uingereza mwaka wa 1968. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William, umeimbwa karibu kila pembe ya dunia, lakini hadi leo mabishano kuhusu mtunzi wake halisi hayajatulia. Wawili hawa walifariki mwaka mmoja, 2001.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki, ambayo hukinga kazi ya mtunzi wa muziki katika uhai wake wote na kwa miaka 50 zaidi baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Kabaka zina kinga hadi mwisho wa mwaka wa 2051. Nacho Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaitwika serikali jukumu la kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Sheria basi ipo. Kinachokosekana ni mazoea ya mtunzi kuandikisha kazi yake mapema, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kudai mirabaha yake bila kuonekana mkorofi.

Nguzo ya pili ni taasisi. Chama cha Muziki wa Kantri kiliundwa mwaka wa 1958, na mwaka wa 1961 kikawatawaza magwiji watatu wa kwanza: Jimmie Rodgers, Hank Williams na mtunzi Fred Rose. Wote walikuwa wameshaaga dunia. Williams alikuwa amefariki Januari 1, 1953 akiwa na umri wa miaka 29 pekee. Leo makavazi ya muziki huo jijini Nashville huhifadhi santuri, magitaa, mavazi na barua, na mtafiti yeyote anajua pa kubisha hodi.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuzisifu taasisi hizo bila kuzikosoa. Anayetunza kumbukumbu ndiye vilevile anayeamua nani asahaulike.

DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa na fundi wa kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1941 aliachishwa kazi, akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu mjini humo humo. Alifariki mwaka wa 1982. Jina lake liliingizwa katika orodha ya magwiji mwaka wa 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa.

Naye Charley Pride, mwana wa wakulima wa pamba wa Mississippi, alipoanza kutoa nyimbo katikati ya miaka ya 1960, kampuni yake ilizisambaza kwa vituo vya redio bila picha yake, ili rangi ya ngozi isiwazuie watangazaji kuzicheza. Kufikia mwaka wa 1971 alikuwa ametuzwa kama mtumbuizaji bora wa mwaka, na hatimaye nyimbo zake 29 zilifika nafasi ya kwanza katika chati za kantri. Alifariki Desemba 2020 kutokana na Covid-19.

Jambo la kushangaza ni kwamba muziki huu unaodhaniwa kuwa wa Wazungu pekee una mizizi ya Kiafrika. Banjo ilitokana na ala walizozikumbuka watumwa kutoka Afrika Magharibi. Hank Williams alifunzwa gitaa na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi aliyepiga ala mitaani.

Ndiyo maana Beyoncé alipotoa albamu ya Cowboy Carter mwaka wa 2024, mjadala wa kale ulifufuka. Albamu hiyo ilimfanya mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza chati ya albamu za kantri, lakini hakuteuliwa kwa tuzo yoyote ya Chama cha Muziki wa Kantri mwaka huo. Februari 2025 albamu hiyo hiyo ilishinda tuzo za Grammy za albamu bora ya kantri na albamu bora ya mwaka.

Kisa kinachotugusa zaidi kilitukia katika ardhi yetu wenyewe. Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli anayeitwa baba wa muziki wa kantri, alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol mwaka wa 1927, na akafariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1933 akiwa na miaka 35. Kwa njia ya gramafoni, sauti yake iliwafikia Wakipsigis, nao wakalitamka jina lake kwa namna ya kwao: Chemirocha.

Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu kiumbe huyo wa ajabu, nusu mtu nusu paa, mwenye sauti isiyo na mfano. Rodgers alikuwa ameshalala kaburini kwa miaka 17. Ama kwa hakika, ni waimbaji wachache duniani waliogeuzwa kuwa visasili na watu ambao hawakuwahi kukutana nao.

Lakini rekodi hizo zilihifadhiwa wapi? Hazikuhifadhiwa Kericho wala Nairobi. Zilitunzwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya muziki aliyoiasisi Tracey mwaka wa 1954, na ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni katika miaka ya 2010 tu ndipo nakala zake ziliporejeshwa kwa Wakipsigis, pamoja na wachache waliokuwa hai miongoni mwa walioimba.

Hapo ndipo penye somo. Mtafiti wa kigeni alitambua thamani ya sauti za wasichana wa Kipsigis, akazitunza kwa zaidi ya nusu karne. Iwapo angezipuuza, leo tusingekuwa na ushahidi kwamba ziliwahi kuimbwa. Ni nyimbo ngapi za mababu zetu zilizokosa mtu wa aina hiyo?

Hatuhitaji kuiga Nashville katika kila jambo, hasa ule ubaguzi uliomtupa Bailey mitaani. Tunachohitaji ni hifadhi ya taifa ya muziki iliyo wazi kwa umma, orodha ya heshima inayowatambua wasanii wakiwa hai, na mirabaha inayomfikia mtunzi kwa wakati. Kaunti, ambazo utamaduni ni mojawapo ya majukumu yake, zinaweza kuanza kwa kuwarekodi wakongwe waliosalia kabla hawajatuacha.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Magwiji wa kantri walitunzwa kwao, ingawa baadhi yao walicheleweshewa haki, na ndiyo sababu sauti zao zingali zinatufikia. Wetu wamecheza kwao kwa miaka mingi. Wanangojea kutuzwa.