Mwanao wa ng'ambo hajakusahau, huenda hesabu ndiyo imemkatalia

Nilikuwa nyumbani Kisii hivi majuzi kuwaona wazazi wangu wakati mama mmoja jirani yetu alipobisha hodi. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, na ndani yake mlikuwa na hatimiliki ya shamba lake la nusu ekari.

"Mwanangu," akaniambia baada ya kusalimiana na kunywa chai, "wewe ni mtu wa magazeti na unajua mambo. Nikiuza hili shamba na kumtumia kijana wangu pesa, zitatosha kumfanya aniite Marekani?"

Kijana huyo ndiye kifunguamimba wake. Alishinda bahati nasibu ya kadi ya kijani na kuondoka mwaka wa 2016. Leo anaishi Minnesota na mkewe na watoto wawili, na kazi yake ni kuwatunza wazee katika makao yao. Mama anasema kila akimuuliza habari ya safari, jibu huwa ni lile lile: "Mama, subiri kidogo." Rafiki yake wa kanisani alichukuliwa na bintiye bila kungoja miaka mingi, naye bado anasubiri.

"Ni yule mke wake," mama akasema huku akiangalia sakafu. "Ndiye anayemzuia." Kumbe ilikuwa imetimia miezi mitatu bila yeye kupokea simu ya mwanawe.

Msomaji wangu, kisa hiki si cha mama huyu pekee. Katika familia nyingi zetu kuna mzazi, ndugu au mke anayeamini kwamba mtu akishafika Marekani, kuwaita wengine ni suala la moyo tu. Akikawia, huhesabiwa kuwa mchoyo. Ukweli ni kwamba sheria ya huko haipimi moyo. Inauliza maswali mawili: wewe ni nani kwa huyu unayemwita, na mfuko wako una kiasi gani?

Tuanze na swali la kwanza. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mkewe au mumewe, watoto wake, wazazi wake, na ndugu zake wa kuzaliwa. Ili awaombee wazazi au ndugu, lazima awe ametimiza umri wa miaka 21. Lakini mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia, anaruhusiwa kuwaombea watu wa aina mbili tu: mwenzake wa ndoa, na watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa. Baba, mama, kaka na dada hawamo katika orodha yake.

Hapo ndipo nilipomuuliza mama, "Je, kijana amekuwa raia?" Akasema hapana, bado ana kadi. Basi hata angekuwa tajiri wa kutisha, asingeweza kumwita mamake kwa kadi ile. Rafiki wa kanisani alibahatika kwa sababu bintiye ni muuguzi aliyekwisha kuapishwa kuwa raia.

Mwenye kadi kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, akifaulu mahojiano na mtihani wa Kiingereza na historia ya nchi hiyo. Wapo Wakenya wanaosita kwa kuogopa kuupoteza Ukenya wao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani, lakini Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akichukua uraia wa nchi nyingine.

Kuna mambo mengine ambayo hutuponyoka tukiwa huku. Mwenye kadi akimwombea mwanawe, kisha mtoto huyo akaoa au akaolewa kabla ya mzazi kuwa raia, ombi linakufa papo hapo. Ndoa ya kimila nayo ni ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua. Kwa hivyo wazee wanaoharakisha mahari wafikirie mara mbili. Ndugu wa raia naye anaweza kuombewa, lakini foleni yake imekuwa ndefu kupita miaka 15. Ama shangazi, mjomba, binamu, nyanya na mpwa, hao hawana mlango kwa njia hii, hata kama mpwa ulimlea tangu akiwa mchanga. Ili ahesabiwe kuwa mtoto wako, kwa kawaida lazima awe alichukuliwa rasmi kama mwana kupitia mahakama kabla ya kufikisha miaka 16, na mkaishi pamoja miaka miwili.

Sasa tuje kwa mfuko. Tangu Desemba 1997, kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka 1996, anayemwita jamaa yake hutia sahihi hati ya udhamini ambayo nambari yake ni I-864. Mdhamini lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, awe na miaka 18 au zaidi, na makao yake yawe Marekani. Aidha, ni lazima aonyeshe kuwa mapato yake yanafikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini ambacho serikali ya huko hutangaza kila mwaka. Mwanajeshi aliye kazini hupunguziwa hadi asilimia 100 anapomwita mkewe, mumewe au mtoto.

Kiasi hicho hutegemea idadi ya watu. Wanahesabiwa mdhamini mwenyewe, mwenzake wa ndoa, watoto wanaomtegemea, wale wanaoitwa, na hata wale aliowadhamini zamani ikiwa udhamini huo haujaisha. Kwa viwango vya mwaka 2025, katika majimbo mengi, watu wawili walihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Watatu dola 33,312. Wanne dola 40,187. Watano dola 47,062.

Nilichukua kalamu tukafanya hesabu na mama. Kijana alikuwa amemwambia kwamba analipwa dola 16 kwa saa. Akifanya kazi saa 40 kwa juma, majuma yote 52 ya mwaka, anapata dola 33,280 kabla ya kodi. Nyumbani kwake wako wanne, na mama angekuwa wa tano. Wanatakiwa kuwa na dola 47,062. Kijana amepungukiwa na dola 13,782.

Mama alinyamaza kwa muda. "Nilidhani dola 16 kwa saa ni utajiri," akasema. Si yeye tu anayedhani hivyo. Tukizigeuza dola 33,280 kwa shilingi 129 kila moja tunapata zaidi ya milioni nne, na macho yanatutoka. Tunasahau kwamba kodi ya nyumba, bima, gari na chakula hulipwa kwa dola hizo hizo.

"Na shamba je?" akauliza.

Mali inaweza kuhesabiwa pale mapato yanapopungua, hata mali ya yule anayeitwa, mradi iweze kugeuzwa kuwa fedha katika muda wa mwaka mmoja na fedha hizo zitolewe nchini. Lakini kwa mzazi, mali hiyo lazima iwe mara tano ya pengo. Raia anapomwita mwenzake wa ndoa, inatosha iwe mara tatu. Kwa mama huyu, mara tano ya dola 13,782 ni dola 68,910, ambazo ni karibu shilingi milioni tisa. Nusu ekari yake haifiki huko hata ikiuzwa mara mbili. Angeuza shamba, kisha akose shamba na safari pia.

Wengine husema, basi tuitishe harambee. Kwa bahati mbaya, harambee haigeuki kuwa mshahara. Mjomba aliye Nairobi, hata akiwa na majumba ya kupangisha, hawezi kutia sahihi kwa kuwa haishi Marekani. Wala marafiki watatu wa kijana hawawezi kuunganisha vijishahara vyao ili vifike kiasi kinachotakiwa.

Linaloruhusiwa ni kumpata mdhamini wa pamoja. Si lazima awe ndugu. Lakini lazima awe raia au mwenye kadi, akae huko, na mapato yake peke yake yatoshe watu wa nyumba yake pamoja na mgeni anayemdhamini. Rafiki mwenye mke na watoto watatu angehitaji dola 53,937 kwa viwango vya 2025 ili amdhamini mama mmoja tu. Hata hivyo, kijana mwenyewe bado angetakiwa kujaza hati yake.

Tena usidhani kumpata rafiki wa namna hiyo ni rahisi, kwa sababu hati hii ni deni. Mdhamini anaahidi kwamba mgeni hatashuka chini ya kiwango kile. Akishuka, anaweza kumshtaki mdhamini wake mahakamani. Akichukua misaada fulani ya serikali inayotolewa kwa maskini, idara iliyotoa inaweza kumdai mdhamini fedha hizo. Deni hili huisha mgeni akiwa raia, au akifikisha robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au akihama Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au akifariki. Talaka hailimalizi. Mume aliyemwita mke wakaachana mwaka wa pili, bado jina lake limo katika ile karatasi.

Ndiyo maana rafiki wa mwanao akisema, "Nipe muda nifikirie," usimwite adui.

Kuna njia moja niliyokuwa nimeiacha nyuma, na ndiyo iliyomgusa mama zaidi. Mapato ya mke anayeishi nyumba moja na mdhamini yanaweza kujumlishwa, lakini mpaka mke mwenyewe akubali na kutia sahihi hati yake, na kwa sahihi hiyo anaingia katika deni lile lile. Nikamuuliza kama mkazamwana wake anafanya kazi. Akasema alisikia anafanya saa chache katika duka. Nikamwambia akipata kama dola 15,000 kwa mwaka, jumla yao wawili ni dola 48,280. Kiwango kimepitwa.

"Unataka kuniambia," mama akauliza polepole, "kwamba yule msichana ndiye anayeweza kunipeleka?"

Ndiye hasa. Yule aliyekuwa akimlaumu kwa kumfungia mlango huenda ndiye mwenye ufunguo, na halazimishwi na mtu kuutoa.

Wazazi wenzangu, na ndugu mlio nyumbani, kabla hujakata simu ya mtu wako wa ng'ambo, muulize maswali haya kwa upole. Una kadi au umekuwa raia? Nyumbani mko wangapi? Umewasilisha taarifa zako za kodi ya mapato? Mapato lazima yathibitishwe kwa karatasi za kodi, na pesa za vibarua visivyoandikwa popote hazitamfaa. Wakati mnangoja, tayarisheni yaliyo juu yenu huku: cheti cha kuzaliwa chenye majina yanayolingana na ya kitambulisho, cheti cha ndoa na pasipoti. Mama akimfuata mwanawe, cheti cha kuzaliwa cha mwana chenye jina la mama ndicho kinachothibitisha udugu wao, na jina likiandikwa tofauti kwa herufi moja huweza kuwachelewesha.

Na dalali akikuambia ana njia ya kukupunguzia kiwango cha mapato, shika mkoba wako utoke. Viwango hubadilika kila mwaka na kanuni hubadilika pia, lakini hubadilishwa na serikali ya Marekani, si na mtu mwenye ofisi ya meza moja mjini.

Ninyi mlio ng'ambo nanyi mna lawama yenu. Neno "subiri" bila maelezo linauma. Mama anaelewa hesabu. Ameendesha nyumba kwa pesa za chai na mahindi kabla hujazaliwa. Mwambie mshahara wako na pengo lako. Afadhali ajue ukweli kuliko kukaa akidhani umemtupa.

Kabla ya kuondoka, mama alirudisha hatimiliki ndani ya bahasha, kisha akaniomba nimsaidie kupiga simu. Kijana alipokea mara moja. Walisalimiana, na nikasikia sauti yake ikitetemeka kidogo. Mama hakumuuliza habari ya safari.

"Mwanangu," akasema, "hebu nipe huyo mama watoto nimsalimie."

Hadi Jumapili ijayo.