MABOMBA YA ZAMANI: NANI ATAYALINDA MAPAFU YA KIBARUA?



Maji ya Malindi yatoka mbali. Huvutwa kwa pampu kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ule ule ambao huko juu huitwa Galana, na juu zaidi Athi. Maji hayo ndiyo yanywewayo Kilifi, na mengine huendelea mpaka Mombasa. Mfereji ukikauka nyumbani watu husema, "Baricho kumeharibika." Mara nyingine ni kweli, maana pampu zataka umeme, na umeme nao una mambo yake. Lakini sisi tunaoshika sururu twajua ya kwamba maji mengine yamekwisha fika mjini salama, yakapotea hapo hapo chini ya barabara, katika mabomba ambayo wengi wa waliyoyazika wamekwisha zikwa wenyewe.

Bodi ya nchi inayosimamia huduma za maji, WASREB, imeandika katika ripoti zake kwa miaka mingi kwamba katika Kenya nzima maji zaidi ya asilimia 40 yanayotolewa hayaleti malipo. Mengine huibwa, mengine hupita katika mita mbovu, lakini sehemu kubwa huvuja ardhini. Basi mtu akituuliza kama twapinga kubadilishwa kwa mabomba ya mitaani, twamjibu kwamba hatupingi hata kidogo. Sisi pia ni wakazi. Wake zetu na watoto wetu ndio wanaongoja foleni ya mkokoteni wa maji, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Tena kuna jambo baya kuliko kukosa maji. Maji yakifungwa kwa zamu bomba hubaki tupu, na bomba tupu lenye ufa huvuta ndani uchafu ulio nje yake. Katika miji yetu nyumba nyingi hutumia mashimo ya vyoo, na mashimo hayo hayako mbali na mabomba. Kama kipindupindu hiki kingeanza Kenya mwezi wa Oktoba 1922, tungeweza kukisamehe kwa ujinga wa siku zile. Lakini hiki kilianza Oktoba 2022.

Kwa hiyo mabomba yabadilishwe. Neno letu ni juu ya namna ya kuyabadilisha, na juu ya mtu atakayeingia shimoni.

Tuanze na shimo lenyewe. Mchanga wa Malindi ni mwepesi kuchimba lakini hauna ahadi. Asubuhi ukuta wa mtaro umesimama wima kama wa nyumba. Lori likipita karibu saa sita, ukuta wote uko juu ya mgongo wa mtu. Mita moja ya mchanga kwa kila upande ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hana nafasi ya kuvuta pumzi hata kama kichwa chake kiko nje. Dawa yake yajulikana tangu zamani, nayo ni mbao za kuzuia kuta, au kuchimba kwa mteremko, na udongo uliotolewa kuwekwa mbali na ukingo. Mbao ni ghali, mwajiri asema. Twamwambia kwamba tumekwisha ona mahali ambapo mbao za kutengenezea kibanda cha mnyapara zilipatikana siku ya kwanza, na za mtaro hazikupatikana mpaka kazi ikaisha. Wengine husema huku chini kuna jiwe la matumbawe, halianguki. Jiwe haliko kila mahali, na vibarua hawapewi nafasi ya kuchagua watachimba wapi.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu ni jingine, nalo halionekani kwa macho.

Tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1980 mabomba mengi ya maji, hapa Kenya na katika nchi nyingi za dunia, yalitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Yalikuwa rahisi, mepesi kubeba, wala hayashiki kutu kama chuma, na kwa pwani yenye chumvi hiyo ilikuwa sifa kubwa. Walioyanunua hatuwalaumu sana. Sasa mabomba hayo yamezeeka. Chokaa iliyomo katika saruji imeyeyuka kidogo kidogo, ukuta umekuwa laini, na gari zito likipita juu yake hupasuka. Likiwa zima chini ya ardhi, lenye unyevu, bomba la namna hii halimdhuru mtu. Hata kwa wanywaji, Shirika la Afya la Ulimwengu halikupata ushahidi wa kutosha kuweka kipimo cha mwisho cha asbesto katika maji ya kunywa. Twasema hivi waziwazi ili mtu asiende nyumbani kumtisha mkewe na mtungi wa maji.

Hatari ni vumbi. Bomba likikatwa kavu, hasa kwa mashine yenye gurudumu la petroli, hutoka vumbi jeupe lenye nyuzi ndogo mno zisizoonekana. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki. Huleta ugonjwa wa kukauka mapafu, na saratani ya mapafu, na saratani nyingine ya ngozi inayoyazunguka mapafu, ambayo hutokea mara nyingi baada ya miaka 20, 30, hata 40 au zaidi. Ndugu, ifikirini hesabu hiyo. Kijana wa miaka 22 aliyeitwa leo langoni kwa ujira wa siku, akapewa mashine na kitambaa cha kujifunga puani (kitambaa hicho hakizuii kitu), ataugua akiwa mzee wa miaka 55. Kampuni ya kandarasi huenda haitakuwako tena. Mnyapara atakuwa amekwisha kufa. Daktari atamwuliza, "Ulifanya kazi gani?" naye atasema, "Kazi nyingi, bwana."

Dunia haikulijua jambo hili jana. Shirika la Kazi la Ulimwengu, ILO, lilipitisha Mkataba wa 162 juu ya asbesto mwaka 1986. Hapa kwetu, kanuni za takataka za mwaka 2006 zinahesabu takataka za asbesto kuwa ni za hatari, zisizotupwa ovyo. Lakini tumeona kwa macho yetu, katika mtaa mmoja ambao hatuutaji, vipande vya bomba la zamani vimelundikwa kando ya njia wiki mbili, watoto wakiviandikia ukutani kama chaki, kisha vikapondwa kwa nyundo na kujazwa katika mashimo ya barabara. Aliyeagiza aliona ameokoa pesa za kifusi.

Njia iliyo bora haina gharama kubwa. Mahali pengi bomba la zamani laweza kuachwa lilipo, likafungwa ncha zake, na jipya la plastiki likalazwa kando yake. Pasipo budi kukata, likatwe likiwa limeloweshwa maji, kwa msumeno wa mkono au mnyororo wa kuvunjia, si kwa mashine. Mkataji avae kinyago chenye kichujio cha kweli na vazi asilokwenda nalo nyumbani kwa mkewe kulifua. Vipande vifungwe katika plastiki nene, viandikwe, vichukuliwe na watu wenye leseni. Maji ya kulowesha yapo, kwani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Tena, kabla ya kuchimba, waulizwe wazee. Ramani za zamani ni chache, na nyingine zadanganya. Tumemwona mstaafu akisimama katikati ya lami, akapiga kisigino na kusema, "Valvu iko hapa," nayo ikawa hapo. Mzee kama huyo angelipwa ujira wa wiki moja, bomba lisingekatwa mara tatu kwa kutafutwa.

Kuhusu ujira tutasema kwa ufupi, maana tumekwisha andika mara nyingi. Kubadilisha mabomba ya mtaa mzima si kazi ya siku mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimiza mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa ni wa kutwa. Kumwachisha siku ya 28 na kumwita tena siku ya 30 ni mchezo unaojulikana. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awakatie bima wafanya kazi wake. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali penye hatari kubwa iliyo karibu kabla hajaiondoa, maadamu mtu huyo ameripoti kwa msimamizi wake. Basi ripotini. Ripotini mbele ya shahidi, na ikiwezekana kwa maandishi, hata kama ni kwa simu ya mkononi.

Wako watakaosema tunachelewesha maji ya wananchi. Mtaro wenye mbao huchimbwa polepole kidogo, hilo twakubali. Lakini mtaro ulioanguka husimamisha kazi mwezi mzima, polisi wakaja, na mtaa ukabaki umepasuliwa.

Twataka jambo moja zaidi, nalo ni daftari. Kila kandarasi ya kubadilisha mabomba katika kaunti hii iwe na daftari la majina ya kila mtu aliyelikata au kulibeba bomba la asbesto, awe fundi au kibarua wa siku moja, pamoja na tarehe, mtaa, na kinyago alichopewa. Nakala moja ikae kwa mwajiri, moja kwa ofisi ya usalama kazini, moja kwa chama, na karatasi moja apewe mtu mwenyewe aende nayo nyumbani, ailaze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.