Safia Farhat na Kuta za Tunisia



Wiki hii twawapeleka Tunisia, kwa mwanamke ambaye kazi yake ilitazamwa na watu wengi mno mahotelini na katika majengo ya serikali, na wachache wakauliza ni ya nani. Naye ni marehemu Safia Farhat, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1924 huko Radès, mji wa pwani ulio karibu na Tunis, nchi ikiwa bado chini ya Ufaransa. Alisoma katika Shule ya Sanaa ya Tunis, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa. Mwaka 1966, miaka 10 baada ya uhuru, akawa Mtunisia wa kwanza kuiongoza. Kabla ya hapo, mwaka 1959, alikwisha kuasisi gazeti la wanawake liitwalo Faïza. Alichora hata stempu za posta.

Lakini tuliyokusudia hasa ni kuta. Dola changa ilikuwa ikijenga, na sheria ilitaka asilimia 1 ya gharama ya majengo ya umma itengwe kwa mapambo. Mwaka 1963 Safia na mchoraji Abdelaziz Gorgi wakaunda kampuni yao, Zin, wakapamba kuta kwa vigae vya rangi na kwa mazulia makubwa ya kutundikwa.

Zulia la namna hiyo halitoki katika mkono mmoja. Safia alichora umbo na kuchagua rangi za sufu. Kisha wafumaji, wengi wao wanawake, wakalihamishia mtambo wao, wakipitisha mshindio katika mtande uzi baada ya uzi. Wanawake wa Gafsa walikuwa wakifuma maumbo ya watu na wanyama tangu zamani, na Safia hakuona haya kujifunza kwao.

Kwa nini basi akasahauliwa? Sisi twaona sababu iko katika neno “mapambo”. Picha iliyochorwa kwa rangi juu ya turubai huitwa sanaa, na mchoraji hutia sahihi yake. Kigae na sufu huitwa kazi ya mikono, na hufikiriwa kuwa sehemu ya jengo kama mlango na dirisha. Jengo likikarabatiwa, pambo huondoka pamoja na chokaa ya zamani. Na ikiwa Safia, mke wa waziri na mkuu wa shule, aliweza kusahauliwa, itakuwaje kwa wale waliokaa mtamboni?

Katika miaka ya karibuni watafiti wamerudi kuitafuta kazi yake. Mpwa wake, msanii Aïcha Filali, ameandika maisha yake, na huko Radès, penye kituo cha sanaa alichokiasisi Safia pamoja na mumewe, jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2016.

Nasi huku pwani hatuna pa kujitetea. Kofia za vito hushonwa majumbani mwetu na mikeka husukwa barazani, na mara ngapi twanunua msala bila kuuliza nani aliyesuka ukili wake? Tumefungua daftari katika ofisi ya jarida hili. Mwenye kumjua bibi aliyesuka mkeka wa nyumbani kwao, au aliyeshona kofia ya babu yake, na atuletee jina lake na la mtaa wake.